Ngoie, Kula Mahindi Yao

Ngoie mwanangu,

Sauti iliyobaki kichwani mwangu miaka yote hii ni ndogo sana: tii. Ni mlio wa mizani yetu ya jikoni namba inapotulia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umeshanawa mikono, umekaa mezani vidole vikidondosha maji, unangoja. Mimi niliweka kipande chako cha bukari, ugali wetu wa mahindi, juu ya mizani, nikasoma namba kama hakimu anayesoma hukumu, nikamega kidogo pembeni na kurudisha nilichomega kwenye sufuria. Tii. Haya, sasa kula. Mchana na jioni, miaka mitatu.

Kesho asubuhi unapanda ndege. Mambo ya pasipoti, ya koti, ya kutopoteza karatasi za shule, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine iliyo ndani ya begi lako, sitayarudia hapa. Hapa nina jambo moja. Unaondoka umekonda kiasi kwamba saa yako ya mkononi inateleza mpaka karibu na kiwiko, na aliyekufikisha hapo ni mimi, mtaalamu wa lishe mwenye diploma ukutani. Unakwenda Puebla, Meksiko, kwa watu wanaokula mahindi asubuhi, mchana na jioni. Ukiyaogopa kule kama nilivyokufundisha kuyaogopa hapa, hutamaliza mwaka. Daktari alisema hivyo, na safari hii nakubaliana naye.

Uko kwa Nkambo, bibi yako, sasa hivi, kule katika mtaa wetu wa Kenya, unaaga. Natumaini anakulisha. Nimeamua kuandika kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu nitakuangalia sahani badala ya uso. Ndiyo tabia yangu, na naidharau.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Hilo unalijua, na watu wa parokia hawajawahi kukuacha ulisahau. Nkambo alikuchukua mgongoni ili mimi nirudi shuleni, kisha chuo kikuu. Miaka kumi na mmoja ulikula kwake, kwenye sinia moja na watoto wa mjomba wako: bukari, mboga ya lengalenga, maharage, dagaa wa kapenta siku zilizokuwa nzuri. Ulikuwa na mashavu, magoti yako yalijaa makovu, na ulikimbia mpaka majirani wakalalamika. Mimi nilikuja Jumapili na vitabu vyangu, nikasimama mlangoni nikikutazama. Unajua niliona nini? Wanga. Sikuona mtoto, Ngoie. Niliona wanga mwingi na protini kidogo, nikaona aibu yangu mwenyewe imekaa kwenye mkeka inalamba vidole. Nilikuwa nimeamua kwamba hutafanana na sisi.

Nilipopata kazi nikapanga nyumba mjini, nikakuchukua. Nkambo alikufungia unga kwenye mfuko. Nilimpa mlinzi wa jengo unga ule siku hiyo hiyo. Hilo hujawahi kulijua.

Kuhusu kazi yangu, acha nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Una kumbukumbu ya lile kundi langu la simu, wanawake arobaini, wake za wakubwa, kila mmoja na dereva wake. Walinitumia picha za sahani zao saa sita mchana: majani mawili, kipande cha samaki, nusu ya limau. Wote walikuwa waongo. Nimewakuta harusini na mifupa ya mbuzi imepangwa mbele yao kama kuni. Nilijua wanadanganya, nao walijua kwamba ninajua, na Jumatatu tuliendelea. Lakini wao walidanganya kuhusu chakula cha mchana tu. Mimi nilidanganya kuhusu elimu. Niliwaandikia brokoli, niliwaandikia mbegu ambazo duka moja tu hapa mjini linaziuza, na zimeshaoza. Lengalenga ya mama anayeuza kando ya barabara ina kila walichohitaji, nilijua hilo vizuri kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Sikuiandika hata mara moja. Mboga ambayo kila mtu anaijua haimfanyi mtu aonekane mtaalamu.

Wale wanawake walikwenda nyumbani wakala wanachotaka. Mtu mmoja tu katika jiji hili alinitii. Wewe.

Unakumbuka Jumapili ile kwa Nkambo. Nataka nami niseme ninavyoikumbuka, kwa sababu nimekwisha kuisimulia kwa watu kama kichekesho, na haikuwa kichekesho. Nilitoa mizani kwenye mkoba wangu, nikaiweka katikati ya meza, kati ya sinia la bukari na bakuli la maharage. Mjomba wako alikuwa ametoka gereji, mikono bado ina grisi kwenye kucha. Alikodoa macho.

“Dada, ile mizani umeitoa ku comptoir?” akasema. Comptoir, pale wanapopima mawe ya wachimbaji na kusoma teneur, kiasi cha shaba iliyomo. “Aya, pima basi! Bukari ya Mama iko na teneur ngapi? Tuuze?”

Watu walicheka mpaka shangazi mmoja akapaliwa. Mtoto mmoja akaweka kidole chake juu ya mizani, akapiga kelele kwamba kidole chake kina shaba.

Nkambo hakucheka. “Toa kile kintu,” akasema.

“Mama, ni kwa ajili ya afya yake.”

“Afya? Weye nilikulisha nini, makaratasi? Uliona wapi bantu banapima mutoto mbele ya chakula? Ku meza yangu hatupime muntu.”

“Sipimi mtu, napima bukari.”

“Njo ile ile, ni kintu kimoja tu,” akasema Nkambo.

Wakati tunabishana, wewe ulikuwa umeshamega tonge, umelifinyanga, umelichovya kwenye mchuzi. Ukatazama mizani. Ukanitazama. Halafu ukafanya kitu ambacho kwetu hakifanywi, ambacho hata mtoto wa miaka miwili hupigwa kofi la mkono akikifanya: ukarudisha tonge kwenye sinia. Tonge lililokwisha kushikwa, lenye alama za vidole vyako. Kicheko kilikatika. Ilikuwa kama umewaambia wote pale kwamba chakula chao kina uchafu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ulitaka tu nisikasirike.

Nkambo alinyoosha mkono, akalichukua tonge lile lile, akalila. Alilitafuna polepole, macho yake yako kwangu, si kwako. Nami, mwanangu, unajua niliwaza nini? Niliwaza: mtoto ana nidhamu. Nilijisifu njia nzima tukirudi mjini.

Tangu siku hiyo hukunihitaji tena. Ulijipima mwenyewe. Nilipoacha mizani, nilifikiri nimekufunza kiasi. Kumbe nilikuwa nimekupa mizani nyingine ambayo haiwezi kufungiwa kabatini.

Sasa kuhusu chakula cha Meksiko, maana nacho nilikiharibu mapema. Ulipotimiza miaka kumi na sita uliomba jambo moja tu: tacos, zile chapati za mahindi zinazokunjwa na nyama ndani. Ulikuwa umeziona kwenye simu. Nikakupeleka kwenye ule mgahawa wa katikati ya jiji wenye mpungate, ule mmea wa miiba wa jangwani, umechorwa ukutani, ambao wahudumu wake, vijana wa Likasi na Kipushi, wanalazimishwa kuvaa kofia za majani pana kama mwavuli. Sikukupeleka ili ufurahi. Nilikupeleka ili nidharau, na mahali pale palinipa sababu. Walituletea chipsi za mahindi zilizokaangwa mara mbili, zimezama chini ya jibini yenye rangi ya mistari ya barabarani, na krimu juu yake, na soda ya lita nzima ambayo hatukuiagiza. Nyama ilikuwa na chumvi ya kuhifadhia maiti.

Nikaanza kuhesabu kalori kwa sauti.

“Mama, banatusikia,” ukasema.

“Wasikie. Wenye mahali hapa waone aibu.”

Mhudumu alisimama na kalamu yake, kofia imemshukia machoni. “Madame,” akasema kwa adabu kubwa, “kama bei iko na shida, tuko na plat ya wanafunzi, chakula ya bei kidogo.”

Ungeweza kucheka. Nilitaka ucheke. Ulikula chipsi tatu, nilizihesabu, kisha ukasema umeshiba, ukaenda chooni, ukakaa muda mrefu. Nililipa nikiwa nimeridhika kama mtu aliyeshinda kesi.

Kuhusu jibini ile sikukosea, na leo nasimama pale pale: ni takataka. Lakini nilikuwa nadharau sahani, na ng'ambo ya sahani ulikuwa umekaa wewe. Dharau haichagui kiti. Ikishatoka mdomoni inamkalia aliye karibu.

Baadaye ukaanza kwenda parokiani kila Jumamosi, jikoni kwa Sista Consuelo, yule mtawa aliyetoka Meksiko. Ulisema mnasoma Kihispania. Sikuamini. Nilifikiri unakwenda kula mafuta kwa siri, na Jumamosi moja nikaja kukagua. Kukagua, ndilo neno lenyewe, kama mtu wa serikali.

Sista alikuwa ameinama juu ya ndoo. Mahindi meupe, yale yale ya hapa kwetu, yamechemshwa na chokaa yakalazwa usiku kucha, naye anayasugua kwa viganja, maganda yanaelea juu ya maji. Huyu mama amejifunza Kiswahili sokoni kwetu, anakiongea kama muuza nyanya.

“Mama Ngoie, ingia. Usisimame pa mulango kama muntu wa kodi.”

“Unaweka chokaa kwenye chakula? Ya kupaka ukuta?”

“Siyo ya ukuta, hii ni ya kula. Inatoa ganda, inaamsha nguvu ya mahindi. Kwetu bankambo ya bankambo banafanya vile.” Akanitazama toka viatu mpaka nywele. “Weye uko na diploma. Haukusoma ile?”

Nilikuwa nimeisoma, mwaka wa pili. Kwamba mahindi matupu yanaficha vitamini moja mwili usiifikie. Kwamba watu maskini waliokula mahindi pekee walichubuka ngozi. Kwamba watu wa Meksiko wa kale, bila maabara, walijua kuyachemsha na chokaa. Nilipata alama nzuri katika mtihani ule. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno hayo yana mikono, na ndoo, na harufu kama ya udongo uliolowa.

Ndipo nikakuona. Ulikuwa umenipa mgongo, karibu na jiko la makaa. Ulikuwa unapiga donge kati ya viganja, unalitandaza juu ya bati la moto, unaligeuza kwa vidole, na unakula. Tortilla za mahindi yale, maharage ya kupondwa, nyanya na pilipili, kitunguu, vipande vya avoka lililoanguka kwenye ua wa parokia. Ulikula nne. Ulilamba kiganja. Uliimba kitu. Nilisimama pale nikiwa nimesahau nilichokuja kufanya. Ilikuwa ni sahani ambayo ningeweza kuichora ubaoni mbele ya wanafunzi: nafaka, kunde, mboga, mafuta mazuri. Haikukosa kitu. Hakuna mtu aliyeipima.

Ya tano ulikuwa umeikunja tayari mkononi ulipogeuka ukaniona. Ukaiweka chini. Hukuirusha, hukushtuka. Uliiweka tu, ukajifuta vidole kwenye kanga, uso wako ukafunga kama duka.

Sista aliona. Aliosha mikono, akanikalia mbele. “Mama, ile diploma yako iko ya kuogopesha batoto?” Alisema polepole, bila hasira. Nilimjibu kwa Kifaransa, maneno marefu. Aliningoja nimalize. “Sawa,” akasema. “Lakini ule mutoto, mbele yako hakule.”

Nilimchukia wiki nzima. Ndivyo nilivyo: mtu akisema ukweli naanza kutafuta kosa katika viatu vyake.

Halafu ukaanguka darasani. Ulikuwa umesimama ubaoni, wakakuleta kwenye zahanati, nikakimbia toka kazini. Muuguzi mmoja kijana, ambaye jina la shule yake nisingelitaja mbele ya wenzangu, alivuta chini kope yako, akaona weupe, akaniuliza ni lini ulipata hedhi mara ya mwisho. Sikujua. Akamwita daktari. Daktari alisoma karatasi, akakunja uso.

“Damu iko chini sana. Nani anamupangia chakula?”

Mimi ninayewapangia chakula wanawake arobaini nikasema: “Sijui, Docteur. Labda ni bibi yake.”

Ulikuwa umelala pale pale. Macho yako yalikuwa yamefumba lakini hukuwa umelala usingizi. Nimejua hivyo siku zote. Hujawahi kuniuliza, na Nkambo hajawahi kuniuliza, kwa hiyo najua pia kwamba hukumwambia. Umenilinda mimi, mwenye miaka thelathini na minne, kwa kukaa kimya. Kati ya yote niliyokufanyia, hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo cha lifti.

Basi ukifika Puebla. Sitakupangia. Nitakuambia tu ninachokijua, ukitaka utumie, hutaki acha.

Chakula cha nyumbani kule hakihitaji mtu wa kukitengeneza upya. Tortilla za moto na maharage, supu ya maboga, majani ya mpungate wanaoukata miiba na kuuchoma kama nyama, nyanya, pilipili za aina kumi, papai lenye ndimu. Ni kama meza ya Nkambo iliyosafiri. Kula tortilla kwa idadi ya njaa yako, si ya mtu mwingine. Ukikosa hakika, anza na maharage, yatakutuliza. Damu yako inahitaji maharage, inahitaji nyama, inahitaji ndimu juu yake. Hiyo nasema kama mtaalamu na ni jambo pekee katika barua hii ninalolisema hivyo.

Kuna siku utakwenda na wenzako kwenye tacos za barabarani, mafuta yatateremka mpaka kwenye mkono wa shati. Kula. Omba nyingine. Kesho yake rudi kwenye supu, bila kujiadhibu, bila kukimbia uwanja mara ishirini. Kufurahia siku ya Ijumaa hakumwibii mtu chochote siku ya Jumamosi. Nilifundishwa hivyo kwa lugha ngumu na kulipwa kufundisha kinyume chake.

Soda, bado naidharau. Kule wanainywa kama maji, kwenye chupa kubwa, hata mezani kwa watoto. Siwezi kubadilika yote kwa siku moja. Kunywa maji.

Utakutana na watu kama mimi. Wako kila mahali na wanavaa vizuri. Mmoja atakuuzia chai ya kupunguza tumbo, mwingine atakuambia tortilla mbili tu kwa siku, na atakuwa na picha yake ya zamani na picha yake ya sasa. Mtazame anavyokula watu wakiwa hawapo. Na hapa kwetu, ukirudi na mashavu, wale mama wa parokia watakubana mkono na kusema “Umenona, muzuri!”, na wale wa kundi langu watanong'ona kinyume. Hao wote wanazungumzia nyama ya sokoni. Huna haja ya kuwajibu.

Sitakuomba unisamehe katika barua, kwa sababu ungenisamehe ili moyo wangu utulie, na ungekuwa tena unafanya kitu kwa ajili yangu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hulijui. Toka mwezi wa tano nilikuwa na makubaliano na Mama Amparo, dada yake Sista Consuelo, utakayekaa kwake. Nilimwomba akupime kila Jumapili asubuhi kabla ya misa na kunitumia namba, na kila jioni anitumie picha ya sahani yako, bila wewe kujua. Nilimwandikia kama mtaalamu, kwa karatasi yenye jina langu juu. Alikubali kwa heshima, ingawa Sista aliyetafsiri alinitazama kwa jicho moja.

Leo saa kumi, kule kwao kukiwa asubuhi, nilikwenda parokiani tukampigia simu. Nilimwambia asikupime. Asinitumie namba wala picha. Nikipiga simu nikamuuliza umekula nini, hata nikilia, hata nikisema ni daktari aliyeagiza, akate simu, na akuite wewe uongee nami kama unataka. Mama Amparo akamuuliza dada yake kama ametafsiri sawasawa. Sista akanigeukia. Nikarudia yote mwenyewe, kwa Kihispania kibovu nilichokisoma kwenye daftari lako, na Mama Amparo akasema amesikia.

Mama yako